Robo Tatu

Niliandika ubaoni, shuleni kwetu Majengo,
chaki ikivunjika mara mbili:
Chukudu na mzigo wake, kilo mia tatu,
inashuka mteremko wenye kimo cha mita ishirini.
Inafika chini na mwendo wa mita kumi kwa sekunde.
Tafuta ufanisi.

Wenzake waliinama. Juli elfu sitini kule juu,
elfu kumi na tano huku chini.
Robo, wakaandika, wakapiga mstari kwa rula.
Robo tatu imepotea.

Bwira alichelewa, kama kila Jumanne,
suruali imejaa vumbi jeusi la volkano,
kabichi za Kibumba kazishusha Birere tangu alfajiri.
Naye aliandika robo. Kisha hakuweka kalamu:

"Mwalimu, haikupotea. Najua iliko.
Iko kwenye kipande cha tairi ninachokikanyaga kwa kisigino
mpaka gurudumu la nyuma linuke nywele zilizoungua.
Iko kwenye ekseli. Niliipaka mawese jana,
mama akanyamaza, maana yalikuwa ya sombe.
Iko kwenye kelele: pale Kanyaruchinya
wauza ndizi hunisikia kabla hawajaniona,
wakavuta watoto wao kando.
Iko kwenye mawe. Yalishuka mlimani yakiwa moto,
nami nayarudishia, kidogo kidogo.
Nyingine iko magotini. Hiyo sijui inapimwaje.

Na isingekuwepo hiyo robo tatu
ningefika chini na mita ishirini kwa sekunde,
nimepiga hesabu,
na leo usingekuwa na karatasi yangu ya kusahihisha.

Tena swali lako linaanzia juu.
Nani aliipandisha?"

Kengele ikalia, darasa likamwagika.
Chukudu yake ilikuwa imeegemea ukuta wa mawe,
mti wa mkaratusi umechongwa kwa panga,
kwenye usukani jina la dada yake, Kahindo, kwa msumari.
Niliangalia huku na huku, kama mwizi,
nikaweka kiganja juu ya gurudumu.
Lilikuwa na joto.
Huenda ni jua tu.

Nilimpa kumi na tano juu ya ishirini.
Tano nilizikata, nadhani, kwa sababu ya mwandiko.
Usiku umeme ulikatika, nikalala macho wazi
nikizitafuta zilikokwenda.