Maji Baridi

Kitabu kina picha moja, isiyozidi kiberiti.
Chini yake: mwani jitu, urefu hadi mita sitini.
Vitabu vinne, wanafunzi themanini na mmoja,
na mimi, mzaliwa wa Misungwi,
ambaye sijaonja maji ya chumvi
ila yale ya kusukutulia jino.

Nikaanzia sakafuni.
Nikachora kishikizo, vidole vya kahawia
(chaki ni nyeupe, nikawaomba waamini)
vimeng'ang'ania jiwe kama mkuyu wa mlimani.
Si mizizi, nikasema. Hainywi kitu. Inashika tu.
Bua likapanda, ubao ukaisha,
nikapanda dawati, nikagusa dari,
dari yenyewe imevuja, ina ramani zake.
Nusu mita kwa siku:
Jumatatu uko gotini,
Jumatano uko begani,
Ijumaa unamtazama mwalimu utosini.
Wakacheka. Nikawaacha wacheke.

Unasimamaje, kitu kisicho na mfupa?
Kila jani lina kibofu cha hewa shingoni.
"Kama bondo," akasema Mbuke Lusangija kutoka nyuma,
ambaye mama yake hupasua sangara mwaloni Igombe
na ambaye anajua bei ya bondo
kuliko mimi ninavyoujua mshahara wangu.
Akaomba ruhusa, akarudi na gugu maji
linachuruzika mlangoni hadi mbele,
akalipasua kwa wembe pale lilipovimba:
ndani sifongo, vyumba vyumba, hewa.
La pili tukalizamisha kwenye ndoo.
Likaibuka. Tukalikandamiza. Likaibuka.
Somo hilo sikuwa nimeliandaa.

Matumizi, nikaandika.
Mashua huukata juu kwa juu, kama nywele,
na chini huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.
Hukamuliwa ute. Ute huo
huilainisha aiskrimu isigeuke barafu,
huishika dawa ya meno isiteleze mswakini.
"Kwa hiyo tunaula?" akauliza Sayi.
Labda ulishaula, siku ya kipaimara, mjini,
wala hakuna aliyekuambia.

Una maadui. Vinyama vya miiba, mviringo kama machungwa,
huutafuna miguuni. Fisi maji huvila vinyama hivyo.
Akiuawa fisi maji kwa sababu ya ngozi yake,
msitu mzima hung'oka, huelea, huozea ufukweni.
Hapo darasa likagawanyika,
kwani kwao fisi maji ni mwizi wa nyavu
na kuna baba wa mtu anayemsubiri na mkuki.

Makazi: bahari yenye maji ya baridi.

Mkono wa Mbuke.
"Mwalimu, ziwa letu si maji baridi?"

Ndivyo tusemavyo, kweli. Maji baridi,
maana yake hayana chumvi,
ingawa saa nane mchana, pale kwenye mawe,
ni vuguvugu kama uji wa mgonjwa.
Nikafafanua. Chumvi. Joto. Mwanga:
haya yetu ya kijani, ukizama kidogo
mkono wako mwenyewe unakukana.
Wakanakili. Nikaona wanavyonakili,
neno moja, maji mawili.

Novemba, swali la tisa.
Taja makazi ya mwani jitu. Alama mbili.
Mbuke aliandika: maji baridi, lakini si ya kwetu.
Mwongozo wa kusahihisha hauna jibu hilo.
Akachora pia, na hakuna aliyemwomba:
mawe ya Igombe, kishikizo juu yake,
bua likivuka mistari ya karatasi,
likipita swali la nane, la saba,
likipita jina lake,
na kwenye kona, karibu na tundu la pini,
mtumbwi umenasa, mtu ndani anachungulia chini.

Kalamu nyekundu ilikaa hapo mpaka umeme ukakatika.
Gizani nikasikia, kule ufukweni,
watu bado wanavuta magugu kwa reki,
wanayarundika, yanadondosha maji,
na mtu mmoja anahesabu kwa sauti.