Kumpa Mgongo

Siku ya kwanza sikumwona. Niliona ukuta tu,
mawe meusi ya volkano yaliyopangwa na fundi asiye na haraka,
na kati ya jiwe la tatu na la nne
jiwe moja lililokuwa likipumua.

"Huyo ndiye," akasema Kasoki. "Usimwangalie.
Jicho lako kwake ni tochi ya mtu mwenye bunduki."

Basi nikageuka.
Nikakaa juu ya bidoni ya manjano, uso barabarani,
mgongo kwa paka,
mimi niliyelelewa nikijua kumpa mtu mgongo ni dharau.

Wengine ndani walikuwa kumi na mmoja:
wa Katindo, aliyekutwa juu ya injini ya lori;
mapacha wa Birere, waliozaliwa ndani ya gunia la makaa;
bibi kizee wa jino moja, aliyeachwa na waliohama usiku
wamebeba godoro, sufuria, kuku, watoto,
wakakosa mkono uliobaki kwa ajili yake.
Hatuwalaumu. Mikono ni miwili.

Kasoki ana daftari. Kila paka na ukurasa wake.
*Amekula nikiwa mlangoni.*
*Amekula nikiwa hatua nne.*
*Leo chukudu imepita, hakukimbia.*
Huo ndio mtihani wetu hapa Goma:
chukudu yenye magunia ya viazi ikiteremka,
gurudumu la mti juu ya jiwe, mtaa mzima ukitetemeka.
Anayeendelea kutafuna sambaza wakati huo
yuko tayari kwenda kwa watu.

Ukurasa wa yule wa ukutani ulikuwa mweupe.

Nikawa namsomea jioni. Sikuwa na kitabu,
nilisoma kilichokuwa mfukoni:
risiti ya maji, karatasi ya dawa ya minyoo,
madeni ya kioski changu.
Muhindo, sabuni mbili. Mama Espe, chumvi.
Yule wa kofia, mkate, mkate, mkate.
Nilitaka ajue kwamba sauti ya mwanaume
inaweza kufika mwisho wa sentensi
bila kitu kuvunjika.

Wiki ya pili, sambaza zikaanza kupungua nyuma yangu.
Wiki ya nne, usiku, mlio ukatoka upande wa Sake.
Hatukuulizana wa nini.
Asubuhi alikuwa amerudi kuwa jiwe,
na mimi, niseme ukweli,
nilikuwa nimelala chini ya meza.
Siku hiyo sikusoma. Tulinyamaza wote wawili,
kila mtu na ukuta wake.

Kisha siku moja ya manyunyu nikasahau, nikageuza shingo.
Alikuwa hatua moja tu. Amejikunja, rangi ya majivu ya jana,
mgongo kwangu,
sikio moja limebaki nyuma kunilinda au kujilinda.

"Amenipa mgongo," nikamnong'oneza Kasoki
kama mtu anayetangaza mtoto amezaliwa.
Akatafuta kalamu. Mkono ukamchezacheza.

Jumamosi akaja mshonaji wa Majengo, Mama Kanyere,
utepe wa kupimia bado shingoni, kikapu mkononi.
"Anashika panya?"
"Labda," akasema Kasoki. "Kwanza kaa hapo, kwenye bidoni."
"Nikae nifanye nini?"
Tukatazamana, mimi na Kasoki.
"Geuka tu, mama.
Geuka, utuambie umeshona nini wiki hii."