Chenga

Gunia nililinunua Tumbe, kwa Mize Shaame,
chenga za dagaa zilizodondoka chini ya chanja,
zisizopata kwenda bara wala Kongo:
vichwa, mikia, mchanga kidogo,
na chumvi ya sufuria walimochemshiwa
imegandia juu yao kama ukungu wa kioo.
"Rahisi," akasema. "Kuku hawachagui."
Nikacheka. Kweli, hawachagui.

Nikachanganya na pumba, kwa koleo, kwa jicho.
Mkono wangu haujui mizani.

Siku ya kwanza walikunywa hadi ndoo ikalia.
Ya pili wakanywa tena, choo chao kikawa maji,
banda zima likanuka pwani.
Ya tatu mfereji ulikohoa mara mbili
ukanyamaza.
Jua la Februari lilikuwa limejilaza juu ya bati
halina haja ya kuondoka.

Kuku hana jasho. Hili nalijua tangu utoto:
hana kwapa la kutota, hana shati la kuvua.
Joto lake hulitoa kooni.
Hufungua mdomo, koo likapiga kama cherehani,
na kila pumzi hutoka na unyevu wake,
maji usiyoyaona, lakini maji.
Mama akisema: anamshitakia Mungu jua.

Saa saba mchana nikaenda kuwatazama.
Midomo imefungwa.
Mbawa zimeachwa chini, mashungi yamelala,
ila hakuna anayetweta. Kimya,
kama darasa mwalimu anapoingia.
Nikasema, alhamdulillahi, wamelizoea.
Nikarudi ndani nikajinyoosha sakafuni, penye saruji baridi.

Bi Zuwena wa mifugo alifika alasiri na vespa yake,
mfukoni kipimajoto cha watoto wachanga
kilichofungwa uzi mwekundu kisipotee.
Akamgeuza yule mtetea wa kishungi, yule mkali,
ambaye siku zote hunidonoa kidole.
Hakudonoa.
"Arubaini na nne, na nukta mbili."
"Lakini hawatweti," nikasema.
"Hawatweti kwa sababu hawana cha kutwetea."

Akachuchumaa, akanieleza taratibu,
kama anayemweleza mfiwa.
Chumvi imeingia damuni, inadai maji.
Mwili umepiga hesabu: nyumba ina ndoo moja,
tupike au tukoge?
Umechagua kupika.
Umefunga koo ili tone lisitoke,
na moto nao, mlango ukishafungwa,
umebaki humo humo ndani.

Juu ya ukuta wa jirani palikuwa na shakwe
anamalizia dagaa aliyemuiba sijui kwa nani.
"Na yule?" nikauliza. "Anakula hizo hizo kutwa."
"Mwangalie puani."
Nikamwangalia. Tone moja, jeupe kwa jua,
likatelemka mdomoni mpaka nchani.
Akatikisa kichwa, likaruka.
"Yule ana tezi juu ya macho, inamchujia chumvi.
Wako wa nchi kavu. Wana figo tu,
na figo bila maji..." Hakumalizia.
Akaokota chenga moja sakafuni, akaigeuzageuza.
"Ulionja?"

Nilijitia sikusikia.

Saba walikufa kabla ya magharibi.
Kwa waliobaki nilimimina birika langu la udhu,
nikaenda kwa Faki nikaomba dumu,
nikaomba tena kwa shemeji yake Faki.
Wakanywa kidogo, wakasinzia, wakanywa.
Giza lilikuwa limeshaingia
mtetea wa kishungi alipofungua mdomo.
Kwanza kwa kigugumizi. Halafu koo likashika kazi,
na mwingine akafuata, na mwingine,
banda lote likawa linatweta
nami nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
nasikiliza ile kelele niliyoizoea kuichukia.

Gunia lilikuwa pale pale mlangoni.
Nikatia vidole viwili, nikaweka ulimini.
Siku ya nne hiyo.
Nikatema. Nikatafuta maji.