Nyundo ya Kilo Nane

Asubuhi, Khorasani, baridi ya kung'ata masikio.
Kazi yangu ni nyundo. Kilo nane.
Napiga bamba la chuma, mara tano kila kituo,
na Torfeh, kajifunika blanketi mbele ya kompyuta,
anainua kidole: tulia.
Mbuzi akipita tunaanza upya.

Vipokezi arobaini na vinane tumevichomeka
kati ya matuta ya zafarani ya Esfandiar.
"Ua moja likikanyagwa, mtalilipa."
Tukacheka. Yeye hakucheka.

"Ufa naujua, sina haja ya nyaya zenu.
Ukuta ule wa marehemu baba ulikuwa umenyooka.
Usiku ule ardhi iliuvuta, nusu huku, nusu kule,
hatua mbili na kisigino."

Kweli, ulipita pale.
Mawimbi ya nyundo yangu yakifika pale yanachechemea:
jiwe la chini limesagika mpaka unga.
Umeme tuliutia kwa misumari, ukapita mbio,
maji yamejichimbia njia humo.
Rada, tuliyoisukuma kama kigari cha mtoto,
iliona mita mbili, ikanyamaza.
Nyundo haijui maji. Umeme haujui jiwe.
Kila chombo kina uongo wake mdogo.

Usiku Torfeh akazilaza picha tatu, moja juu ya nyingine.
Chai ikapoa.
Mstari wa ukutani ulikuwepo.
Na mwingine,
usio na ukuta wa kuutolea ushahidi,
mita kumi na tisa mashariki,
chini ya matofali mapya
ya chumba anachomjengea Golbahar, bintiye;
harusi ni baada ya mavuno.

Nikatazama malengelenge ya viganja vyangu.
Siku nne nimebisha hodi,
sikujiuliza nani ataitika.

Alfajiri tulimkuta akichuma, maua bado yamefumba.
Torfeh akachuchumaa, akamchorea kwa kijiti.
Alisikiliza bila kuinua kichwa.
"Lini?"
Picha haisemi lini.

Akamaliza tuta lake kwanza.
Kisha akaenda kwenye matofali, akafungua kamba ya fundi,
akahesabu hatua kuelekea magharibi, kumi, kumi na tano,
mpaka akakaribia ukuta wa babake.
Akageuka.
Akasimama pale katikati, kamba mkononi,
kama mtu aliyesahau alikuwa anapima nini.