Mizani ya Uani

Mwalimu Eom alitugawia karatasi yenye safu saba,
akasema: Nendeni mkapime mnachotupa.
Msiniletee hadithi. Nileteeni gramu.

Nyumbani kwetu mama hupika kwa simu.
Chakula huja na pikipiki, plastiki juu ya plastiki,
mchuzi kivyake, kachumbari kivyake,
hata kijiko kimevalishwa koti.
Nilihesabu vifuniko kumi na kimoja kwa mlo mmoja
nikaona haya kuvipeleka darasani.
Basi nikaenda kupimia kwa babu,
jengo la pili, ghorofa ya tisa, hapa hapa Daegu,
nikidhani mzee anayeishi peke yake
hana cha kutupa.

Uani kwao ipo mashine ya mabaki.
Unaigusa kwa kadi, inafumbua mdomo,
inameza, inapima, kisha inatangaza
kwa sauti ya karani wa benki asiyemjua mtu:
Gramu mia saba na arobaini.

Babu akatazama viatu vyake.

Jumatatu, 740. Jumanne, 690.
Jumatano shuleni ni siku ya sahani tupu:
tunakula mpaka chembe ya mwisho,
mpishi anatugongea muhuri mkononi,
na Tae-o, asiyependa figili, anaificha ndani ya soksi.
(Najua. Alinionyesha. Ilikuwa baridi, alisema.)
Jumatano hiyo, kwa babu: 710.

Nilikuwa nimeifungua ndoo kabla ya kumwaga,
maana namba isiyo na sababu
Mwalimu Eom huiwekea alama ya kuuliza.
Hamkuwa na maganda ya vitunguu, hayo hayaruhusiwi,
wala mifupa, wala makombe ya chaza;
kanuni ya mtaa ni nguruwe:
asichoweza kutafuna yeye hakiingii.
Mlikuwa na wali. Wali mzuri, mweupe,
umeshika bado umbo la bakuli, haujaguswa.
Na supu ya mtu mmoja.
Na nusu ya samaki, ile nusu yenye nyama.

Babu, mbona unapika kwa ajili ya wawili?

Akafuta meza iliyokwisha kufutwa.
Kikombe cha kupimia mchele kilikuwa cha bibi,
cha bati, kimebonyea ubavuni,
na mkono wangu, alisema, umezoea mara mbili.
Nikichota mara moja unabaki hewani
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.

Bibi Mal-sun alikuwa na miezi mitano kaburini.

Nilikuwa na miaka kumi na safu nne tupu.
Ningeweza kumwambia: chota mara moja.
Ndilo jibu sahihi, lipo kwenye bango la shule,
chini ya picha ya kabichi inayotabasamu.
Sikulisema. Nilivua koti,
nikakaa kwenye mto wa bibi,
nikaomba kijiko.

Alhamisi: 260.
Ijumaa nilikula mpaka tumbo likaleta malalamiko: 190.
Jumamosi mama naye akaja, amekumbatia sufuria,
bila pikipiki, bila kifuniko hata kimoja,
akakuta wali hautoshi.
Babu akachota mara ya tatu.
Mkono wake haukusita.

Jumapili tulishuka sote watatu na ndoo moja.
Maganda ya peasi. Shina la kabichi.
Kadi ikalia, mdomo ukafumbuka,
na ile sauti, kwa ubaridi wake uleule:
Gramu themanini.
Babu akaiinamia mashine kidogo
kama anavyomwinamia jirani kwenye lifti.

Karatasi ilirudi na wino mwekundu pembeni:
Mlipunguza mchele?
Hapana, niliandika chini yake. Tuliongeza vinywa.
Mwalimu Eom alisema hilo si jibu la hisabati
na hakunipa muhuri.

Safu zote saba zilikuwa zimejaa.
Jioni hiyo nilikwenda tena.