Sindano ya Mto Yana

Tulikwenda kutafuta pembe za mamothi, hilo sifichi.
Keskil alishika mpira wa maji, mimi nikalisha pampu petroli,
na ukingo wa Yana ukatoka jasho, ukameguka,
udongo mweusi wenye harufu ya zizi lililofungwa
tangu kabla neno zizi halijazaliwa.

Jua la Julai halituchwi huku. Mbu hawana adabu.
Siku kumi na moja: ubavu wa farasi,
fuvu la nyati lililojaa tope kama bakuli,
na shungi la manyoya mekundu, bado bichi,
kana kwamba mwenyewe amesimama hapo kujikuna
kisha akashika njia yake.
Pembe, hakuna. Deni la petroli, lipo.

Siku ya kumi na mbili kikaniangukia kiatuni
kijiti cha mfupa. Nilitaka kukitupa.
Nikakiinua kwenye jua, nikaona
nukta ya mwanga.

Tundu.
Mtu alilitoboa.

"Itauzika?" Keskil akauliza.
Sikumjibu. Nilikuwa namwona marehemu mama
akilowesha uzi wa kano mdomoni,
anafumba jicho moja, analenga,
anakosa, anatukana, analenga tena.

Basi alikuwepo na mwingine.
Barafu imeikalia dunia kama mgeni asiyejua kuaga,
bahari imejikunyata mbali huko,
na yeye yumo hemani, chini ya ngozi tatu,
mwanga wake ni mafuta yanayochuruzika mfupani.
Mtoto anakohoa.
Hajui kwamba hizo ni zama.
Kwake ni jioni tu,
na kofia imefumuka hapa, karibu na sikio,
na upepo hukijua kila kitundu kwa jina lake.

Shuleni tulichorewa wanaume na mikuki,
mnyama mkubwa shimoni, moto, kelele.
Hakuna aliyetuchorea pindo.
Na mkuki gani uliwahi kumfunika mtoto?

Keskil ameiwasha tena pampu.
Mimi nimeichomeka sindano ndani ya kofia yangu,
mahali mama alipokuwa akichomeka ya kwake,
na usiku, huu wetu usio na giza,
nimefumua uzi wa soksi, nikaulowesha.

Mara ya kwanza, hapana.
Mara ya pili, mkono ulitetemeka.
Mara ya tatu ukapita,
na Keskil akaniita kutoka mtoni:
petroli imekwisha.