Nusu Kikombe

Saa kumi na moja alfajiri, Kangemi ingali giza la masizi,
Nafuna ananyoosha gauni lake la bluu kwa pasi ya makaa.
Jumanne na Ijumaa, huu mwaka wa sita,
haendi hospitali kwa leso ya kulalia.
"Siendi kufa," asema. "Naenda kazini."

Kazi yenyewe ni kulala, saa nne mfululizo,
damu itoke, ioshwe, irudi.
Mashine ameipa jina: Mama Mkwe,
maana huguna, hulalamika,
na huwezi kuihama.

Mwaka wa kwanza niliuza cherehani.
Wa pili, kipande chetu cha Webuye,
mahindi yakiwa yamesimama shambani.
Wa tatu sikuwa na cha kuuza ila hasira,
nayo haikupata mnunuzi.
Nilikaa kwenye benchi la korido
nikimhesabia Mungu madeni yake.
Sitaficha: niliacha kuomba.
Yeye akaniombea, kwa sauti ya chini,
kama mtu anayemlipia jirani kodi
asimwambie.

Shuleni tulikaririshwa: mvumilivu hula mbivu.
Daktari akasema: ndizi mbivu marufuku,
parachichi marufuku, maji kwa kipimo.
Nafuna alicheka hata muuguzi akaja mbio.
"Basi mimi nitavumilia tu," akasema,
"mbivu wale wengine."

Jumapili mhubiri akainua mikono,
akaomba vikombe vyetu vifurike.
Kiwiko kikanigusa ubavuni:
"Changu akiache nusu."

Kisha ile Ijumaa.
Kitanda cha pili kilikuwa kimetandikwa,
shuka imevutwa, haina kunyanzi.
Bi Shukri wa Eastleigh, mwenye tasbihi ya kahawia,
aliyekuwa akimwita Nafuna "pacha wangu wa bomba."
Hakuna aliyeuliza.
Nafuna aligeukia dirisha, Mama Mkwe akiguna,
hata nikadhani amelala.
Halafu akamgeukia kijana mgeni aliyetetemeka kitandani mle,
akamuuliza jina,
akamwonyesha namna ya kulaza mkono usife ganzi.

Tunarudi saa nane, amechoka kama nguo iliyokamuliwa.
Anapanda ngazi, anapumzika ghorofa ya pili, anapanda,
mpaka juu ya paa, kwenye magunia yake ya sukuma wiki
ambayo yeye hupanda na majirani hula.
Namletea kikombe cha bati chenye ua jekundu.
Ndani nimekwaruza alama kwa msumari:
chai hukomea hapo.
Anakunywa funda moja, anatazama Ngong.
Funda la pili, anataja jina la kila mtoto
anayepiga kelele kule chini.
Mimi nimekunywa mabirika maisha yangu yote
na sikumbuki hata moja lilikuwa na ladha gani.

Jana nikamuuliza: "Nafuna, una furaha?"
Akaniangalia kama niliyeuliza bei ya hewa.
"Nishikie kikombe," akasema, "nivue viatu."

Nikakishika kwa mikono miwili.
Kilikuwa moto bado,
na kizito kuliko nilivyodhani.